Magoti Kwenye Kizimba cha Maungamo

Hili lilimpata rafiki yangu Ignatius, seremala wa Nakaloke, wiki mbili baada ya kumzika mkewe. Hakuwa ametoa hata chozi. Aliitwa Jinja kukarabati kanisa la parokia, na adhuhuri moja akaingia upande wa padri kwenye kizimba cha maungamo, afungue skrubu.

“Hicho kidirisha cha matundu usikivunje, bwana,” padri alimwambia akitoka. “Ndicho sikio la Mungu.”

Kizimbani giza lilikuwa zito. Mara, upande wa pili, ubao wa kupigia magoti ukalia. Mtu akavuta pumzi.

“Padri ametoka,” Ignatius alisema, wala moyo haukumshtuka.

Akazunguka kutazama. Hapakuwa na mtu. Kwenye vumbi la saruji lililofunika ubao palikuwa na alama mbili za magoti, na zilikuwa bado zinadidimia.