Kidole Juu ya Mstari Mmoja

Ndugu zangu wa mtaa huu na wa mitaa mingine, nisikilizeni kidogo.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imekatika, na karakana ya seremala wetu ilinukia mbao mbichi. Mwenyewe alikuwa akipiga randa huku akiimba polepole, na binti yake akifagia maranda mlangoni. Ungepita ungesema hapa amani imejenga nyumba.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa mama mmoja mgeni, hakuna aliyemjua, kajifunga kitambaa cheusi kichwani. Kaka yake alikuwa amefariki, naye alitaka jeneza. Seremala akampa pole, akamsogezea kigoda. Kabla hajauliza urefu wa marehemu, sauti ikatoka chumba cha ndani. Haikuwa ya kilio. Ilikuwa ya mtu aliyechoka kulia.

"Nani huyo?" mgeni akauliza.

"Mke wangu. Mguu unamsumbua kidogo."

"Kidogo!" Binti alitupa ufagio chini. "Baba, sema kweli. Mama ana kisukari, alikanyaga msumari humu humu, na sasa vidole vimekuwa vyeusi. Mimi ndiye ninayemwosha. Harufu naijua mimi."

Hapa inabidi niwaeleze jambo. Seremala huyu alikuwa mzee wa kanisa, na mtaani tulimwita Mzee Kidole. Iwe safari, iwe posa, iwe kununua msumeno, alifumba macho, akaifungua Biblia popote, akatua kidole. Mstari ulioguswa ndio uliokuwa jibu. Watu walimwendea awawekee kidole na wao. Tulimwona mtu wa Mungu hasa. Lakini hakuwa amesoma hata kitabu kimoja cha Biblia ile tangu mwanzo hadi mwisho. Aliijua kama unavyomjua jirani unayemchungulia dirishani.

Kuhusu mguu, kidole kiliangukia habari za Waisraeli mbele ya bahari, Musa akiwaambia watulie, Bwana atawapigania. Basi, habari ya hospitali ikaishia hapo. Mgonjwa mwenyewe alikubali. Nani ambishie Mungu?

Mgeni alisikiliza yote hayo, kisha akatikisa kichwa. "Fundi, mimi nimekuja na msiba mmoja. Lakini kama mambo yenyewe ni haya, pasua mbao za majeneza mawili kabisa, usije ukasumbuka baadaye."

"Mama, usinitabirie mabaya nyumbani kwangu! Mungu amesema tutulie."

"Akaishia hapo?"

"Mstari ni huo."

"Na unaofuata?"

Seremala akaishika tena randa yake. Binti ndiye aliyeichukua Biblia. Ukurasa ulikuwa bado na alama ya kidole chenye gundi. Akasoma: mara tu baada ya maneno yale, Mungu anamuuliza Musa mbona anamlilia yeye, awaambie watu waondoke, waende mbele.

"Rudia," baba alisema.

Akarudia.

"Waende mbele." Mzee aliketi juu ya ubao. "Mstari huo ulikuwa hapohapo, mwanangu. Chini ya kidole changu."

Walimpeleka mgonjwa kwa mkokoteni wa mbao, mgeni akisaidia kusukuma, jeneza la kaka yake likingoja kwanza. Daktari hakuwagombeza. Alifunua kitambaa, akakifunika tena, akasema taratibu, "Mngekuja mapema tungekata kidole kimoja." Walikata mguu chini ya goti.

Wodini mgonjwa hakumlaumu mumewe, na hilo lilimchoma zaidi. Alimwambia tu, "Tangu tuoane umekuwa ukinipa vipande vipande. Nisomee yote, baba watoto, kabla sijaenda."

"Hutakwenda. Na nitakusomea. Kila saa ya kuona wagonjwa, sura nzima, tangu Mwanzo, bila kuruka."

Akaanza, akisitasita kama mtoto wa shule. Kidonda hakikutaka kufunga, na kila siku mama alizidi kunyauka. Jirani mmoja alikuja karakana: "Mzee, niwekee kidole, nina safari." Akajibiwa, "Keti, tusome sura pamoja." Hakuketi.

Kisha wazee wenzake wa kanisa wakafika. Mabenchi ya kanisa jipya! Ndiyo kazi aliyoiota tangu msingi ulipochimbwa.

"Mwenyekiti wa ujenzi anatusubiri, twende tukubaliane sasa hivi," walimwambia.

"Naombeni iwe kesho asubuhi. Sasa ni saa ya wagonjwa."

"Kesho atakuwa keshapewa mwingine. Mkeo ataelewa, mzee. Hii ni kazi ya Mungu!"

"Najua. Na ile nayo."

Akafunga karakana, akaondoka. Mabenchi akapewa fundi mwingine.

Alipofika, mkewe alikuwa amefumba macho, midomo imekauka. Sura ya siku hiyo ilikuwa ya vizazi: majina matupu, fulani akamzaa fulani, akaishi, akafa.

"Hayo majina ruka tu, mume wangu," alinong'ona. "Umechoka."

"Nilisema siruki."

Akavuta kiti, akasoma jina baada ya jina, mpaka la mwisho.

FUNZO

Ndugu zangu, Neno la Mungu si kura ya kupigwa. Mkristo hakui kwa kuokota mstari unaompendeza na kuufumbia macho ule unaofuata. Anakua kwa kukaa na Neno lote, siku kwa siku, hata pale linapochosha, mpaka limfundishe kusikia na kutii. Na mgonjwa wako mpeleke hospitali ungali ukiomba. Leo jioni fungua Biblia nyumbani kwako, anzia mwanzo wa sura, na usiinuke kabla ya mwisho wake.