Chupa Zilizovaa Soksi

Jirani wa ghorofa ya chini, yule mshona mapazia, anaapa kwamba wawili hawa walikutana kwa ugomvi. Anasema msichana alimrushia kijana chupa nzima ya mvinyo ndani ya supamaketi, ikampasukia kifuani, kijana akarudi nyumbani amelowa kama aliyetoka kuchinja. "Shati nililiona kwa macho yangu haya mawili," husema, pini zikiwa mdomoni. Shati aliliona, hilo hatumbishii. Ila yale yalikuwa mafuta ya lifti, tena meusi.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja jioni, supamaketi imejaa hadi vikapu vinagongana. Kijana alisimama mbele ya rafu ya mvinyo na ovaroli yake ya buluu, bisibisi mfukoni, kila mkono chupa moja. Alikaa hivyo robo saa nzima. Msichana wa rafu, mfupi, aproni ya kijani inamfika magotini, nywele kasuka mistari minne, alikuwa anamwangalia tangu alipofika. Kuangalia ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote. Shule aliishia darasa la saba, na lebo nyingi pale zimeandikwa kwa lugha ambazo hata meneja huzikwepa. Lakini kwa miaka mitatu alikuwa ameangalia nani anachukua nini, na zaidi, nani anarudi kuchukua tena. Kwake yeye, chupa nzuri ni ile inayorudiwa.

"Kaka, unanunua au unapima uzito?"

Kijana akashtuka. "Napima, dada. Hii nzito zaidi, nadhani ndiyo nzuri."

"Hiyo ina kioo kingi. Mvinyo uliomo ndani ni kipimo kilekile."

"Basi niokoe. Nimealikwa chakula kwa kaka yangu, na shemeji yangu ana ulimi."

"Mnakula nini?"

"Kuku wa kuoka."

"Na mfuko unasemaje?"

"Mfuko ulinyamaza tangu tarehe kumi."

Msichana akacheka, akachuchumaa mpaka rafu ya chini kabisa. "Za kukuvutia macho wanaziweka usawa wa macho. Za kunywa ziko huku, sharti uiname." Akamkabidhi chupa nyembamba yenye kifuniko cha kuzungusha. "Mwekundu, lakini mwepesi. Uweke kwenye friji nusu saa kabla hamjakaa mezani."

"Mwekundu kwenye friji? Si watanicheka?"

"Wakikucheka, njoo unicheke mimi."

Jumatatu alirudi na chupa tupu mkononi. "Shemeji ameuliza kama nimepandishwa cheo."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia nimepata mshauri. Akaniuliza mshauri ana namba ya simu? Nikaona aibu, sikuwa nayo."

Basi namba ikatolewa, na mambo yakashika njia yake. Msichana akaitwa Kizibo, kwa ule ufupi wake. Kijana akabaki kuwa Fundi tu, maana hata simu zake zilianza hivyohivyo.

"Haloo, Fundi. Uko wapi?"

"Nimening'inia kati ya ghorofa ya nne na ya tano, mpenzi. Nakuwaza."

"Niwaze ukishashuka. Usije ukaanguka watu wakasema nimekuroga."

Kila Jumapili alasiri walikaa kwenye roshani ya shangazi yake Kizibo, ghorofa ya tatu, katikati ya nguo zilizoanikwa. Kila mmoja alileta chupa moja, na sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, chupa isizidi bei ya kuku mmoja wa sokoni. Ya pili, chupa lazima ivae soksi kuanzia shingoni hadi chini, ili macho yasije yakaonja kabla ya ulimi. Soksi zilikuwa za Fundi, zile nene za kazini. Wakishaonja zote mbili, Kizibo huchagua iliyoshinda.

"Umezifua hizi?"

"Mara mbili, malkia wangu."

"Ndiyo maana huyu mweupe ananukia sabuni."

Kwa Kizibo, mvinyo ulikuwa kama watu wanaopita mlangoni. "Huyu anapiga hodi vizuri, lakini akishakaa hana mazungumzo." "Huyu mchangamfu, ungemwona ungemkopesha mwavuli." Fundi alikuwa akimsikiliza hadi anasahau kunywa. Mwenyewe alijua maneno mawili tu, mtamu na mchungu, na alikuwa ameanza kujifunza la tatu.

Jumapili ya saba alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama. Chupa yake ilikuwa kwenye soksi mpya, ya kijivu. Moyoni alikuwa ameweka sharti: Kizibo akiichagua hii, namwambia leo leo kwamba nataka kumuoa. Asipoichagua, basi sijui kumpendeza.

Kizibo akamimina hapohapo, akaonja, akakunja uso.

"Mh! Huyu ana kiburi. Kaingia kanuna, anakaza ulimi kama ndizi mbichi. Mrudishe kwao!"

Akacheka. Fundi hakucheka.

"Kwa hiyo yako inashinda?"

"Kwa mbali, mpenzi wangu. Tena bila kutoka jasho."

Fundi akaweka glasi chini. "Kuna lifti imekwama mjini. Nimeitwa."

"Saa hizi? Simu mbona haijalia?"

Alikuwa keshafika ngazini. Hata glasi yake hakuisuuza, yeye ambaye kila Jumapili alisuuza na ya shangazi.

Kizibo akavua ile soksi. Lebo aliijua. Ilikuwa ndugu wa chupa anayoipangusa vumbi kila asubuhi kwenye kabati la kioo lenye kufuli, ile ambayo hajawahi kuona mtu akiinunua. Bei yake ni kuku kumi na wawili, na jogoo juu.

"Shangazi, umeona? Amenitega!"

Shangazi, mjane aliyefanya kazi ya kupokea simu hotelini hadi akastaafu, akatoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga. "Amekutega na nini?"

"Ameleta chupa ya kabatini aone kama nitaijua. Sasa anakwenda kumsimulia shemeji yake kwamba yule msichana wa darasa la saba hajui hata anachokipangusa."

Shangazi akaokota soksi, akaigeuza. "Hii mpya. Bado ina uzi wa dukani."

"Kwa hiyo?"

"Mtu hanunui soksi mpya kwa ajili ya mtego, mwanangu."

Kizibo hakutaka kusikia. Akaanua nguo zote, hata zilizokuwa mbichi. Jua lilipokuwa linazama, shangazi, ambaye hajawahi kumwaga kitu maishani mwake, akajimiminia kilichobaki. Akanywa funda. Akaita, "Hebu njoo umsikie huyu mwenye kiburi wako."

Kizibo akaonja kwa kumridhisha. Akaonja tena. Ule ukali ulikuwa umekwenda. Mvinyo ulikuwa umelegea, unanukia zambarau mbivu na mbao iliyotoka kukatwa, unateremka kooni taratibu kama mtu aliyeshavua viatu. Akakaa kwenye kiti. Wateja wangapi amewaambia, wa namna hii fungua mapema, uache upumue? Yeye mwenyewe hakuupa hata dakika kumi. Alimimina, akahukumu, akacheka.

Hata hivyo siku nne zilipita, kila mmoja kanuna kwake. Fundi alitengeneza lifti sita na hakuimba hata wimbo mmoja. Kizibo alipanga rafu mpaka meneja akamuuliza kama anatafuta kitu. Alhamisi, saa ya chakula, akaingia stoo, akapiga simu.

"Haloo."

"Ile lifti imekwamuka?"

"Lifti gani?"

"Ya Jumapili."

Fundi akashusha pumzi. "Hakukuwa na lifti, Kizibo."

"Najua. Kwa nini ulivunja sheria ya kuku?"

"Nilitaka siku ile isifanane na siku nyingine."

"Mimi nikadhani unanipima. Nikasema, amemchoka mtu asiyesoma."

"Nikupime mimi? Mimi niliyepima kioo nikidhani ni mvinyo? Nilikuwa nimejiwekea sharti la kijinga. Nikalibeba peke yangu, halafu nikakukasirikia wewe kwa kutolijua."

"Sharti gani?"

"Siwezi kulisema kwenye simu. Kuna mtu amekwama humu ndani ya lifti, ananisikiliza."

Kizibo akaangua kicheko mpaka maboksi yakatikisika. "Fundi, ule mvinyo nimeuonja tena jioni yake. Ulikuwa mzuri hadi nikaona haya. Niliuharakisha."

"Umebaki?"

"Kwa shangazi? Hata harufu haijabaki. Njoo Jumapili. Njoo hata mikono mitupu."

Akaja kweli mikono mitupu, na fulana yake ya kila siku. Kizibo alikuwa amevaa gauni la njano lenye mifuko, na kwenye ndoo ya maji ya baridi alikuwa ameweka chupa ya mweupe, ya bei rahisi kabisa, ile inayotosha watu watatu na maongezi yao. Shangazi alikuwa jikoni, redio inatangaza mpira. Wakamimina. Safari hii hakuna aliyesema huyu yukoje.

"Haya," Kizibo akasema. "Leo hakuna simu, wala hakuna mtu aliyekwama."

"Mimi ndiye niliyekwama." Fundi akajipangusa viganja kwenye suruali. "Nina chumba na sebule. Dirisha la jikoni halifungi vizuri, fundi anaishi humohumo na bado halijatengenezwa. Kazini natoka na mafuta hadi masikioni. Sijui kuonja, sijui kusema vizuri kama wewe. Lakini nataka nikuoe, Kizibo. Niruhusu nije na kaka na shemeji, tuongee na shangazi."

Kizibo akaizungusha glasi yake, akaitazama, akamtazama yeye. Tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo, likasita.

Jikoni, mshambuliaji alikuwa amebaki yeye na kipa tu, mtangazaji anapiga kelele, na hapohapo shangazi akaizima redio, asilikose jibu.