Tone Lililoishia Shavuni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchota maji, Larissa alimtilia bibi yake dawa ya macho. Walikuwa wawili tu nyumbani kwao Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Bibi Pulchérie alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwisha kupofuka tangu wakiwa Burundi, na lililobaki ndilo hilo moja. Dawa ilimwasha. Bibi alikaza kope, tone likateleza shavuni, na Larissa, ambaye alikuwa bado hajapika uji wala kujiandaa kwa shule, hakuwa na nguvu ya kurudia.

"Imeingia?" Bibi aliuliza.

"Imeingia, Bibi."

Jioni Larissa alirudi hoi, na mambo yakawa yale yale, siku baada ya siku.

Siku ya kliniki walipanda gari la Mbarara. Daktari alipima jicho, akapima tena, akasema presha imepanda. Aliuliza kama dawa inatiwa, na Bibi akajibu kwamba mjukuu wake hajakosa hata siku moja. Basi dawa imeshindwa, daktari akasema. Itabidi jicho lipasuliwe. Bibi aliinamisha kichwa.

Larissa alitamani kunyamaza. Akashindwa.

"Dawa haijashindwa, daktari. Inamwagika shavuni, na mimi namwambia imeingia. Huwa nimechoka."

Daktari hakumkaripia. Alimwonyesha namna ya kutia: Bibi aegemeze kichwa nyuma, kope la chini livutwe taratibu lifanye kifuko, tone lidondoke humo bila chupa kugusa jicho. Kisha jicho lifumbwe bila kukazwa, na kidole kibanye kona ya karibu na pua, dawa isikimbilie huko. Larissa akajaribu. Shavu la Bibi likabaki kavu. Daktari akasema upasuaji usubiri kwanza.

Walipofika nyumbani, jirani yao Annonciata alikubali kumtilia Bibi dawa ya jioni.

Waliporudi kliniki, presha ilikuwa imeshuka, na upasuaji haukuhitajika tena. Njiani, Bibi, ambaye siku zote hizo hakuwa amelitaja jambo lile, alimshika Larissa mkono.

"Kuchoka si kosa, mwanangu. Ukichoka, niambie, tutafute wa kutusaidia. Lakini usinidanganye. Mimi naona kidogo tu; mengine yote nayaona kwa mdomo wako."