Boriti ya Posta ya Zamani

Kila alipotoka shule, Jicho alipitia studio ya mama yake mdogo. Jina hilo la Jicho alipewa na baba mdogo, mume wa mama mdogo, kwa sababu hata akiulizwa kama ameshakula, msichana huyo hufumba jicho moja kwanza, kama anayepiga picha. Pale studio alipanga viti, alifuta vumbi kwenye lenzi na, wateja wakizidi, alisafisha picha kwenye kompyuta. Bibi harusi ana chunusi puani? Jicho alibofya, chunusi kwisha. Bwana harusi ana doa la mchuzi kwenye shati? Doa kwisha. Alikuwa fundi hasa, na mwenyewe alijua.

Picha za harusi zilileta unga nyumbani. Lakini picha ambazo mama mdogo alizipenda kwa moyo wake wote zilikuwa nyingine: majengo ya kale yaliyohamwa, mabonde, miamba, mto uliofunikwa na ukungu wa asubuhi. Kila Jumapili walivaa viatu vizito, wakatoka wawili hao, kila mmoja na kamera yake shingoni.

"Mnakwenda tena kuwapiga picha popo?" baba mdogo aliwatania. "Nisalimieni! Waambieni mimi mtu wa umeme, sina muda wa kuning'inia."

Jumapili moja walikwenda kwenye posta ya zamani, juu ya kilima. Jengo lilikuwa limefungwa tangu mama mdogo akiwa mtoto. Kamati ya mtaa ilimwomba alipige picha, ili iamue kama ukumbi wake unafaa kuwa chumba cha kusomea wanafunzi. Mama mdogo alibaki nje akipiga picha za kuta na bonde lililokuwa nyuma.

"Ukumbi ni wako leo," alimwambia Jicho. "Piga kila kitu, hasa huko juu."

Jicho alifurahi hadi akasahau kufumba jicho. Ukumbi ulikuwa mzuri ajabu, wenye madirisha ya tao na kaunta ndefu ya mbao. Juu, gizani, boriti moja kubwa iliyopakwa rangi nyeupe ilivuka kutoka ukuta hadi ukuta. Alipowasha mwanga wa kamera, aliona michirizi ya udongo wa kahawia imetambaa kwenye boriti hiyo. Ilikuwa kazi ya mchwa.

"Aa! Wameniharibia picha hawa," alinung'unika, akapiga hivyo hivyo.

Kesho yake studio ilijaa. Bibi harusi alikuja na dada zake, wote wakiongea kwa mpigo. Jicho alikaa kwenye kompyuta, akaifungua picha ya ukumbi. Michirizi ile ilimkera. Akabofya hapa, akabofya pale, kama alivyozoea kwenye nyuso za watu, na boriti ikawa nyeupe pee. Akaichapisha, akaitia kwenye bahasha pamoja na picha za nje. Mama mdogo, pini za shela zikiwa bado mdomoni, aliifunga bahasha bila kutazama ndani.

Siku chache baadaye mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, alikuja mwenyewe.

"Nani kaipiga hii ya ukumbi? Tazama boriti, utadhani imewekwa jana! Jumamosi tunasafisha na kutundika taa. Na utepe wa ufunguzi utakatwa na wewe, binti!"

Jicho alitabasamu, kisha akaikumbuka ile michirizi. Alitaka kusema. Lakini akisema, utepe ungemponyoka mbele ya watu. Na mchwa ni wadudu tu, alijiambia, si simba. Tusimcheke. Nani kati yetu hajawahi kujidanganya namna hiyo?

Jumamosi wazazi na wanafunzi, Jicho na mama mdogo wakiwamo, walifika na mafagio na ndoo. Hakuna aliyefikiria kuikagua boriti, kwani picha ilikuwa imeshaonyesha kwamba ni nzima. Baba mdogo aliingia na ngazi begani na nyaya mkononi. Aliiegemeza ngazi kwenye boriti, akaanza kupanda huku akiimba. Unga laini wa mbao ulimwangukia mabegani. Akajipangusa, akapanda tena.

Jicho aliuona unga ule.

"Baba mdogo, shuka!"

"Nishuke nini, na ndiyo kwanza napanda?"

"Shuka! Boriti imeliwa na mchwa! Niliwafuta kwenye picha, ni mimi!"

Mafagio yalisimama. Baba mdogo alishuka polepole. Seremala aliyekuwa miongoni mwa wazazi aliihamishia ngazi ukutani, akapanda, akaichoma boriti kwa bisibisi. Ilizama hadi mpini, kama imeingia kwenye mkate.

"Tokeni nje wote," alisema. "Taratibu."

Huko nje mwenyekiti alifoka. "Wanangu wangekaa chini ya kitu kile! Unajua ulichofanya?"

Jicho alilia kwa kwikwi. Mama mdogo hakumtetea, wala hakumwachia mkono.

"Una haki ya kukasirika, dada," alisema. "Na mimi nilifunga bahasha bila kutazama. Picha halisi bado ipo kwenye kamera. Naileta sasa hivi."

Kwa picha hiyo seremala alionyesha palipoliwa, na kamati ikaamua papo hapo: ukumbi ufungwe, na mtu asikanyage ndani kabla boriti haijabadilishwa. Wakaendelea kufagia uwanja tu.

Mama mdogo alikaa na Jicho kwenye ngazi za mbele ya jengo. "Chunusi ya bibi harusi haimwangukii mtu, na baada ya wiki haipo. Jengo hatulipigi picha ili lisifiwe, mwanangu. Tunalipiga ili watu walijue lilivyo."

"Nilitaka ipendeze," alisema Jicho.

"Najua. Lakini mtu akikuuliza hali ya kitu, umemwahidi ukweli, hata kama mkononi una kamera tu."

Baba mdogo alikuja, akaketi upande wa pili.

"Ulipopiga kelele, ulijua utaaibika?" aliuliza.

"Nilijua."

"Na bado ukapiga."

"Ulikuwa juu ya ngazi, baba mdogo."

Baba mdogo akamwekea mkono kichwani. "Basi sikia. Ukweli wako ulichelewa, lakini ndio ulionishusha na miguu yangu miwili. Siku nyingine useme mapema, kabla sijapanda."