Namba Iliyogoma Kushuka

Siku za kazi, Juman na mama yake walikunywa chai wakiwa wima jikoni, mkate mkononi, mafuta ya zeituni yakiwachuruzika vidoleni. Kisha Mama alivaa ufunguo wa friji ya chanjo shingoni, akauficha ndani ya koti, nao wakashuka ngazi kwenda kwenye gari.

Juman alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake, Nesi Ibtihal, ambaye mtaa mzima ulimwita Um Juman, yaani Mama Juman, alifanya kazi katika zahanati ya kijiji kimoja juu ya milima ya Ajlun. Nesi alikuwa yeye peke yake, na ufunguo wa friji ulikuwa huo mmoja. Asipofika, hakuna mtoto anayechanjwa.

Jumatano hiyo ya Desemba, Mama alizungusha ufunguo wa gari. Tk, tk, tk. Kimya.

"Tena?" Mama akapiga usukani kwa kiganja. "Betri ina wiki mbili tu!"

Ilikuwa mara ya tatu. Betri ya zamani iliisha chaji, wakanunua mpya dukani kwa Abu Ghaith, na hiyo mpya nayo ikaisha. Asubuhi hiyo jirani alileta gari lake na nyaya, wakaazima umeme kwake, gari likawaka. Lakini Mama alipofika zahanati, akina mama sita walikuwa wamekwisha kurudi majumbani na vichanga vyao, kwa miguu, mvuani.

Jioni daktari mkuu alipiga simu. Juman alisikia kila neno.

"Um Juman, tunakupenda. Lakini Jumapili ni chanjo ya watoto wote wa kijiji. Ukichelewa tena, nitaomba nesi anayeishi hapa hapa. Wewe watakupeleka Ruwaishid."

Ruwaishid ni jangwani, karibu na mpaka wa Iraki. Mama angekaa huko, Juman abaki kwa bibi.

Kesho yake Juman alikuwa kwenye foleni ya mkate, hasira zimemjaa. Mwanamke mmoja akamuuliza, "Gari lenu lina nini, binti?"

"Tumeuziwa betri mfu," Juman akajibu kwa sauti. "Abu Ghaith anaziokota kwenye magari mabovu, anazipaka rangi."

"Umemwona kwa macho yako?" mwoka mikate akauliza, koleo mkononi.

"Kila mtu anajua!"

Hakuna aliyekuwa anajua. Maneno yalimjia mdomoni, akayaacha yatoke. Foleni ikacheka. Kabla ya jua kuzama, wanaume wawili walikwisha kumrudishia Abu Ghaith betri zao.

Jumamosi mchana Mama aliipeleka betri kwa Abu Ghaith, Juman akimfuata nyuma. Mzee huyo mnene, mwenye mikono iliyobabuka kwa tindikali, aliiweka kwenye kifaa chake cha kupimia, akaipima mara mbili.

"Betri nzima, Um Juman. Gari likiwa limeegeshwa, kuna kitu kinainyonya. Niachie niichaji, kisha gari mpelekee Murhaf." Hakumtazama Juman, wala hakupandisha sauti.

Murhaf alikuwa fundi wa umeme wa magari aliyetoka Daraa, ng'ambo ya mpaka wa kaskazini. Hakuna aliyemfundisha kazi. Alijifunza kwa kufungua redio mbovu na kuandika daftarini kila alichokiona.

"Nibadilishie hata waya zote, kaka yangu," Mama akamwambia. "Kesho saa moja lazima niwe njiani."

"Tusibadilishe kitu ambacho hatujakipima, dada."

Alilegeza waya wa upande hasi wa betri, akaunganisha mita yake kati ya waya na betri, ili umeme wowote unaotoka upite kwanza kwenye mita. Kisha akafungua mlango wa dereva, akasukuma kitasa chake kwa bisibisi mpaka kikafunga kama mlango umefungwa. Taa ya ndani ikazimika.

Juman alisogea. "Mlango uko wazi, lakini gari linadhani umefungwa?"

"Ndiyo. Vinginevyo tutapima taa, tuseme tumempata mwizi." Akavuta kigoda. "Funguo ziwe mbali. Sasa tungoje nusu saa."

"Tungoje nini?"

"Lilale. Gari halilali papo hapo. Hata wewe, taa ikizimwa, unapiga soga kwanza."

Fundi bodi wa karakana ya jirani akachungulia. "Murhaf! Unangoja gari lijifungue?"

"Likijifungua mapacha, mmoja wako!" Murhaf akajibu, akamimina chai.

Nusu saa ikapita. Alimpa Juman daftari na kalamu. "Niandikie. Inasema ngapi?"

"Moja nukta nane."

"Gari lililolala lisizidi ampea sifuri nukta sifuri tano. Hili linakunywa umeme usiku kucha." Akafungua kisanduku cha fyuzi. "Nitachomoa moja moja. Tukichomoa ya njia yenye kasoro, namba itashuka. Wewe usiondoe macho."

Akachomoa fyuzi ya redio. "Moja nukta nane," Juman akasoma. Murhaf akairudisha pale pale, akachomoa ya kiwasha sigara. Moja nukta nane. Ya taa za ndani, ya honi, ya feni. Kila mara Juman aliandika, na kila mara Murhaf alisema "sawa" kwa sauti ile ile, bila kuudhika. Juman hakuwahi kuona mtu mzima akikosea mara ishirini na tatu bila kutukana. Kisha akaelewa kwamba Murhaf hakuwa anakosea. Kila fyuzi ilikuwa sehemu moja ambayo hawakuwa na haja ya kuitafuta tena.

Fyuzi zikaisha. Namba haikushuka.

Murhaf akakuna kidevu. "Basi umeme huu haupiti kwenye fyuzi. Kuna waya umefungwa moja kwa moja kwenye betri, au umeunganishwa njiani. Um Juman, kuna mtu aliwahi kuongeza kitu kwenye gari?"

"Hakuna kabisa. Hata kwenye harusi ya mpwa wangu, wiki tatu zilizopita, nilikubali maua na utepe tu."

"Kwenye betri hakuna waya wa ziada, basi itabidi nifungue dashibodi. Kazi ya siku mbili."

Siku mbili! Kalamu ikasimama mkononi mwa Juman. Aliikumbuka harusi. Aliukumbuka msafara wa magari uliokwenda kumchukua bibi harusi, kila gari likishindana kwa kelele, na lao peke yake likiwa bubu. Alimkumbuka binamu yake Ubaida, ambaye yeye Juman alimsihi.

"Fundi," akasema. "Chini ya kiti cha nyuma."

Mama akageuka.

"Nilimwomba Ubaida aweke spika ya nyimbo, Mama ukiwa saluni. Spika tuliitoa. Kisanduku chake kilikataa kutoka, akasema bila spika hakina kazi. Niliogopa kukuambia."

Murhaf alinyanyua kiti. Pale palikuwa na kile kisanduku cha kukuza sauti, chenye ukubwa wa tofali, kina joto, taa yake nyekundu ikiwaka, na waya wake umepenyezwa chini ya zulia mpaka kwenye waya mkuu wa betri, nyuma ya dashibodi. Akaukata.

"Soma."

"Sifuri nukta sifuri tatu," Juman akanong'ona, machozi yakimdondokea daftarini.

"Wiki mbili uliniona nikihangaika," Mama akasema. "Na Abu Ghaith?"

"Nitakwenda, Mama. Foleni ya mkate ya jioni bado ipo."

Alikwenda. Alisimama mbele ya watu, masikio yakimwaka, akasema kwamba betri ilikuwa nzima, kosa lilikuwa lake, na yale ya kupaka rangi aliyatunga. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwoka mikate akampa mkate wa moto. "Huu mpelekee mwenyewe."

Abu Ghaith alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi napaka rangi?" akasema. "Mke wangu ananiomba nipake ukuta wa jikoni mwaka wa tano huu!" Kisha akaacha kutabasamu. "Wale wawili waliorudisha betri, utawaambia na wao. Mimi nitakuonyesha nyumba zao." Akaukata mkate katikati, akampa Juman nusu.

Jumapili asubuhi, umande ukiwa umeganda kwenye vioo, Mama alizungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja.

Hakuondoka papo hapo. "Murhaf angeweza kumlaumu mtu tangu saa ya kwanza," akasema. "Aliuliza, akapima, akangoja. Wewe ulilaumu kwanza, na jibu lilikuwa kwako. Siku nyingine ukikosea, niambie kosa likiwa bado dogo. Nitakasirika, halafu tutalitengeneza."

"Nimeelewa, Mama."

Mama akagusa ufunguo uliokuwa shingoni, akakanyaga mafuta. Kule juu kilimani, akina mama walikuwa wameanza kufika na vichanga vyao.