Mende wa Nani

Hakuwa na gari. Hakuwa na meza. Kazi zake alizifanyia juu ya godoro. Hakuwa na feni wala dirisha la maana, na chumba chake kilipakana na tanuri la mikate, hivyo ukuta mmoja ulikuwa wa moto tangu alfajiri. Hakuwa na pasi. Suruali aliilaza chini ya godoro, ikaamka imenyooka kuliko yeye mwenyewe. Hakuwa na shangazi tajiri wala rafiki mwenye cheo. Lakini upungufu uliomtesa kuliko yote haukuonekana kwa macho: hakuwa na ulimi wa kutamka neno "sina."

Alikuwa akipamba kadi za harusi kwa kompyuta mpakato aliyoinunua kuukuu, na kwa kazi hiyo watu wakamwita Kadi. Msimu wa harusi ulipowadia, kompyuta ikashikwa na homa. Ikifanya kazi kidogo tu, tumbo lake linakuwa moto kama kikaango, feni inanguruma, kisha giza, na maua yote ya bibi harusi yamekwenda na maji.

Akaipeleka kwenye jengo la mafundi, ambako ujia mmoja mwembamba hubeba watu wa soko zima. Fundi wa kwanza hata kuifungua hakuifungua. Aliweka kiganja juu yake, akasema, "Feni imekufa. Lazima mpya." Akataja bei.

Kadi akajipapasa mifuko, ya mbele na ya nyuma, kama mtu anayetafuta kitu anachojua hakipo. "Nimesahau pochi kwenye gari," akasema.

"Gari gani, kaka?" sauti ya kike ikauliza nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa binti aliyekuja kuchukua simu yake iliyobadilishwa kioo. Alivaa gauni la kijani lenye kola nyeupe, na kola ile ilikuwa safi kiasi cha kumfanya Kadi aifiche mikono yake yenye wino. Macho yake yalicheka kabla ya mdomo.

"Jeupe," Kadi akajibu.

"Hayo meupe yamezidi siku hizi. Ndiyo maana hata wenyewe hawayaoni." Akaigusa kompyuta kwa kidole, akakirudisha haraka. "Mgonjwa wako anaungua. Mpeleke kwa mjomba wangu, mtaa wa pili. Yeye hakimbilii kuuza feni, anasafisha kwanza."

Walitoka pamoja, wakaachana wakiwa wamepeana namba za simu. Binti aliuza miwani katika duka la daktari wa macho, basi Kadi akamwita Bi Miwani. Kompyuta ikasahauliwa kidogo, maana homa nyingine ilikuwa imeanza.

"Bi Miwani, macho yangu hayaoni vizuri tangu jana."

"Yanaona nini?"

"Wewe tu."

"Hayo hayahitaji miwani, mpenzi. Yanahitaji kazi."

Wakawa watu wa kupigiana simu asubuhi na jioni, wa kutembea bega kwa bega barabarani na kugombania nani abebe mwavuli. Kila mara binti alipotaka kukiona chumba chake, Kadi alisema kinapakwa rangi.

"Bado tu? Inapakwa kwa unyoya?" binti akauliza, na Kadi akacheka kuliko kichekesho kilivyostahili.

Hatimaye kazi zilipomlemea na kompyuta ikawa inazimika kila saa, binti akamshika mkono mpaka kwa mjomba. Siku hiyo Kadi alivaa shati lake la mistari, amelifunga mpaka kifungo cha shingoni. Kibanda cha mjomba kilijaa wateja: mwalimu na mashine yake ya kuchapia, mama mmoja na redio, wanafunzi wawili waliobanana benchi moja.

"Mjomba, huyu ndiye yule niliyekuambia," binti akasema, na fahari ikamjaa usoni. "Ni msanii."

"Karibu, mwanangu. Tuone huyu anayetoa jasho."

Mjomba alikuwa mtu mnene mwenye mikono myepesi. Alifungua skurubu moja moja, akazipanga kwenye kifuniko cha chupa, akanyanyua mfuniko wa chini.

Mende akatoka. Alisimama kwenye ukingo, akatikisa masharubu kama mwenye nyumba aliyegongewa mlango bila taarifa. Kisha akafuata wa pili, wakafuata watano, na vitoto visivyo na hesabu, wakatawanyika juu ya meza ya mjomba, mpaka kwenye redio ya yule mama.

"Bwana, hivi sivyo virusi nilivyofundishwa," mwalimu akasema, na kibanda kizima kikaangua kicheko.

Mjomba hakucheka. Alikuwa akiwafagia kwa brashi. "Mende hupenda joto," akasema. "Wamejaza njia ya hewa kwa makazi yao, ndiyo maana inaungua. Imelala wapi kompyuta hii?"

Lilikuwa swali jepesi.  Lakini Kadi aliwaza ukuta wa tanuri, godoro sakafuni, michakacho anayoisikia akizima taa. Watu wote walimtazama yeye. Ndipo ulimi wake, uliozoea kumwokoa, ukaruka mbele yake.

"Ilikuwa kwake wiki nzima," akasema, akimwelekezea binti kidole. "Nilimwazima."

Binti hakuwahi kulala na kompyuta ile hata usiku mmoja. Alimtazama Kadi, na macho yale yanayocheka kabla ya mdomo hayakucheka. Angeweza kumvua nguo pale pale mbele ya watu kwa neno moja. Akamgeukia mjomba.

"Ndiyo, mjomba," akasema. "Chumbani kwangu kuna mende."

"Ati wewe? Na mama yako alivyo mpenda usafi?" mjomba akaguna, akaendelea na kazi.

Alisugua mapanga ya feni kwa mswaki, akapuliza vumbi, akafuta dawa nyeupe ya kupoza joto iliyokauka juu ya kichwa cha kompyuta na kupaka nyingine. "Feni yako nzima," akamwambia Kadi. "Nilipe dawa tu. Usiilaze godoroni, iwekee vifuniko vinne vya chupa chini ili ipumue." Kompyuta ikawaka, ikatulia baridi kama mtungi. Kadi alipogeuka kumwonyesha binti, binti alikuwa ameshaondoka.

Alimpigia, simu ikaita mpaka ikachoka. Alimwandikia ujumbe, haukujibiwa. Ameniona mchafu, Kadi akawaza, na haya ikamla kama mchwa ndani ya boriti. Hata kunawa uso aliona haya, maana kioo kilikuwa juu ya beseni. Akanunua dawa ya wadudu, akatoa godoro nje, akasugua sakafu mpaka magoti yakachubuka, akaziba nyufa za ukuta wa tanuri kwa saruji ya kuomba. Alipomaliza, akapiga tena kwa simu ya jirani.

"Haloo?"

"Ni mimi. Usikate, tafadhali. Nimesafisha."

"Umesafisha nini?"

"Chumba. Hakuna hata mmoja aliyebaki. Njoo uone mwenyewe."

Binti akapumua kwa nguvu. "Kwa hiyo wewe unadhani nimekasirikia mende?"

"Sasa nini?"

"Mende wapo hata kwenye majumba ya wakubwa. Gari lako jeupe nilikusamehe siku ile ile. Rangi ya chumba nikakusamehe. Nilisema, huyu anajificha yeye mwenyewe, ipo siku atachoka. Lakini safari hii ulinitanguliza mimi, ukajificha nyuma yangu."

Kadi akahamishia simu sikio la pili.

"Mjomba alimpigia mama," binti akaendelea, sauti ikipungua. "Kwake ilikuwa mzaha. Kwa mama si mzaha. Yule amekuwa matroni wa bweni maisha yake yote, ametulea kwa sabuni na ufagio. Amesema kama nimeshindwa kutunza chumba kimoja, nikirudishe kwa mwenye nyumba nihamie kwa shangazi. Nimeshafunga vitu. Mwisho wa mwezi naondoka."

"Kwa nini hukumwambia ukweli?"

"Mende si wangu, na uongo pia si wangu. Nimwambie mimi?" Akakata.

Asubuhi Kadi akaenda kwa mjomba. Aliomba Mungu kibanda kiwe kitupu, kilikuwa kimejaa. Akasimama mlangoni.

"Mjomba, mende walikuwa wangu. Ni chumba changu. Nilimsingizia."

Mikono myepesi ya mjomba ikasimama. Hakumkaribisha kukaa.

"Mimi nimesikia," akasema. "Dada yangu je?"

"Nipe namba nimpigie sasa hivi."

"Umwambie nini? Yule amesikiliza visingizio vya wanafunzi mpaka masikio yameota sugu. Neno la mdomo kwake ni upepo. Aliyekosa bwenini kwake alikuwa anaandika, anatia sahihi." Akarudi kwenye kazi yake. "Kaandike."

Kadi akaandika kwa namna anayoijua. Aliiweka kompyuta juu ya vifuniko vyake vinne, akachagua herufi za mkunjo, akazungushia waridi pande zote, akachapisha kwenye karatasi nzito. Akaipeleka duka la miwani ili binti aisome kabla ya kuituma kwa mama yake. Binti aliisoma akiwa amesimama nyuma ya kaunta, katika koti jeupe la kazi, uso mkavu.

"Hii ni kadi ya harusi au ni maungamo?"

"Nilitaka ipendeze."

"Ndiyo shida yako." Akamsukumia karatasi tupu na kalamu ya duka. "Kwa mkono."

Kadi akaandika pale pale kwenye kaunta, wateja wakijaribu miwani mbele ya vioo kushoto na kulia kwake. Herufi zake zilikuwa mbaya, alishazoea kuandikiwa na mashine. Alipomaliza, binti akaigeuza karatasi upande wake.

"'Wadudu,'" akasoma. "Wadudu gani? Vipepeo?"

"Ataelewa."

"Kadi."

Akachukua kalamu. Akakata neno lile, akaandika juu yake "mende." Lilikuwa neno fupi, na mkono wake ulilikokota kama anayepandisha gunia ngazini. Chini kabisa akaongeza: "Chumba ni changu na uongo ni wangu. Binti yako nampenda, lakini katika barua hii siombi kitu." Akatia sahihi.

"Umenisamehe?" akauliza.

"Sijasema hivyo. Nimesema nini kuhusu msamaha tangu umeingia? Hakuna." Binti akavua koti la kazi, akalitundika. Chini yake lilikuwa lile gauni la kijani. "Nakusindikiza mpaka posta. Nikikuacha peke yako utapitia dukani kununua waridi."

Walitembea bila kushikana mikono. Mbele ya posta Kadi akaikunja barua, akaitia ndani ya bahasha, akalamba gundi, akaibana kwa dole gumba mwanzo hadi mwisho. Akaandika jina na anwani ya mama yake binti, akabandika stempu. Kwenye sanduku mkono wake ukasita, nusu ya bahasha ndani na nusu nje. Alimtazama binti. Binti alikuwa anatazama barabara, makusudi.

Akaiachia mwenyewe.