Maradhi Mawili ya Ukoo Mmoja

Kila alipotoka shule, Kidoti, binti wa darasa la sita, alipitia kibandani kwa baba yake, fundi cherehani, akafagia vipande vya vitambaa na kushona vifungo. Baba alikuwa fundi haswa. Mteja akiingia tu mlangoni, kiuno chake kishajulikana bila kupimwa kwa futi.

Mwaka huo mambo yakaenda mrama. Baba alikata suruali, vipande vya mbele vyote viwili vikawa vya upande wa kulia. Wiki iliyofuata akarudia. Mkasi nao ukaanza kumponyoka. Kidoti, kwa kumwonea huruma, akawa anakata vipande vingine kwa siri na kushona upya. Wateja hawakujua, na baba mwenyewe hakujua. Miezi minane, jamani, mtoto alibeba mzigo usio wake.

Siku baba alipopotea njia ya kurudi nyumbani, mama alimpeleka hospitali, na Kidoti akafuatana nao. Daktari, mwanamke mpole, aliuliza kama kuna mgonjwa mwingine katika ukoo. Mama akasema hakuna. Aliogopa watu wasije wakasema ukoo umelaaniwa.

"Bibi mzaa baba alisahau hata majina ya wanawe," Kidoti alisema. "Na baba mdogo aliishiwa nguvu mikononi mpaka akawa analishwa."

Mama alimkata jicho. Hayo ni maradhi mawili tofauti, akasema, yanahusiana wapi?

Daktari akaeleza kuwa yanaweza kuhusiana. Kosa moja katika jeni, yale maagizo tunayorithi kwa wazazi, huweza kumharibia huyu kumbukumbu na yule mishipa ya fahamu inayoendesha mikono. Mwingine hupatwa na yote mawili. Si laana, wala si kosa la mtu. Dawa ya kuponya haipo, ila sasa alijua apime nini na amsaidie vipi.

"Na mimi?" Kidoti aliuliza.

"Huenda umerithi, huenda hukurithi. Leo sijui, na sitakudanganya."

Hapo Kidoti akaangua kilio, akasema yote kuhusu zile suruali. Baba akamshika bega.

"Ulinificha kwa mapenzi, najua. Lakini miezi yote hiyo ningekuwa nimeshaanza kusaidiwa. Ukweli unaouma nao ni msaada. Nikikosea tena, mwanangu, niambie sasa, nikiwa bado nakujua wewe ni nani."